Mpango wa kustaafu wa majaji wa Marekani: unamfaa jaji, unamgharimu mwananchi

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani wala haitangazwi redioni, lakini ina mtoaji, ina mtumiaji na ina mlipaji. Mtoaji ni serikali ya shirikisho ya Marekani. Mtumiaji ni jaji wa mahakama za shirikisho, na hasa majaji tisa wa Mahakama ya Juu mjini Washington. Mlipaji ni mwananchi, ambaye hulipa mara mbili: kwa kodi inayogharamia mafao ya jaji, na kwa kuishi chini ya hukumu za yule atakayekalia kiti kilichoachwa wazi. Kila mmoja wa majaji hao anapozeeka huzuka upya mabishano kama ni sawa apange siku ya kuondoka kwake kwa kuangalia nani yuko Ikulu na chama gani kina wingi wa viti katika Seneti, na mara nyingi mabishano hayo huishia kwenye tabia ya mtu: fulani alikuwa mbinafsi, fulani alikitumikia chama. Mimi naona ubovu utafutwe kwanza katika mpango wenyewe wa kustaafu, kwa kuwa ndio uliomkabidhi jaji uamuzi ambao hakupaswa kuwa nao.

Tuanze na yaliyomo. Katiba ya Marekani haitaji umri wa kustaafu wala kikomo cha miaka ya utumishi kwa jaji wa shirikisho. Inasema tu kwamba atashika wadhifa wake maadamu ana mwenendo mwema. Juu ya msingi huo Bunge limejenga mafao ambayo watumishi wengi wa umma duniani wangeyaota tu. Jaji aliyefikisha miaka 65 na kutumikia miaka 15 anaweza kuacha kazi na kuendelea kulipwa mshahara wake wote mpaka kufa. Kila mwaka wa umri unaoongezeka hupunguza mwaka mmoja wa utumishi unaohitajika, hata mwenye miaka 70 akatosheka na miaka 10, na kwa kuwa umri na utumishi vikijumlishwa lazima vifike 80, wenyewe huiita kanuni ya themanini. Kwa jaji wa Mahakama ya Juu mshahara huo ni karibu dola 300,000 kwa mwaka. Asiyetaka kukaa bure nyumbani anaruhusiwa kusikiliza mashauri katika mahakama za ngazi ya chini, kama walivyofanya Sandra Day O'Connor na David Souter baada ya kustaafu. Kwa upande wa fedha na heshima, basi, sina la kulalamikia.

Ukarimu huo ulipatikana kwa shida, na historia yake inaeleza mengi. Kabla ya mwaka 1869 hapakuwa na pensheni kabisa, kwa hiyo jaji maskini alifia kitini. Sheria ya mwaka huo iliporuhusu mwenye miaka 70 na utumishi wa miaka 10 kuondoka na mshahara wake, wenzake Jaji Robert Grier, ambaye mwili na akili vilikuwa vimechoka, walimwendea wakamshauri aondoke, naye akaondoka mwanzoni mwa 1870. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliohusika, Stephen Field, alipozeeka na yeye akakumbushwa na mwenzake siku ile ya Grier ili aelewe kinachotakiwa, alijibu kwa hasira kwamba hajawahi kufanya kazi chafu kuliko ile. Aliendelea kukaa mpaka 1897, alipokwisha kuivunja rekodi ya utumishi mrefu kuliko wote.

Mwaka 1932 Oliver Wendell Holmes alistaafu, na Bunge, likibana matumizi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, likaikata pensheni yake nusu. Wazee wengine waliokuwa wakifikiria kuondoka waliona somo. Ndipo Rais Franklin Roosevelt, aliyechoka kuona sheria zake zikibatilishwa na wazee hao hao, alipopendekeza mwaka 1937 kuongeza jaji mmoja kwa kila aliyepita miaka 70 bila kuondoka. Pendekezo lake lilikufa. Ila Machi mwaka huo Bunge liliwahakikishia majaji wa Mahakama ya Juu mshahara kamili wakistaafu, na Mei 18 Willis Van Devanter, mwenye miaka 78, akatangaza kwamba anaondoka. Anayedhani majaji huamua siku ya kustaafu kwa kutazama mbingu peke yake na aitafakari miezi hiyo michache.

Kasoro kubwa ya mpango huu iko mahali pamoja. Unamwachia jaji achague siku, na kwa kuchagua siku anamchagua rais atakayemteua mrithi na Seneti itakayemwidhinisha. Ni kama mpangaji anayehama lakini amepewa haki ya kuamua nani atakayeingia chumbani mwake. Tangu 2017, Warepublican walipoondoa kanuni iliyohitaji kura 60 kukomesha mjadala, mteuliwa wa Mahakama ya Juu hupita kwa wingi mdogo tu, na kwa sababu hiyo marais huchagua watu wenye umri wa miaka arobaini na kitu au hamsini na kidogo ili wadumu. Siku moja ya Juni inayochaguliwa na mzee mmoja inaweza kuamua mwelekeo wa sheria kwa miaka thelathini. Huduma nyingine yoyote ya umma yenye nafasi kubwa namna hiyo ya hiari ya mtu binafsi ingekwisha kufungiwa.

Ili kuona inavyofanya kazi, mfano ninaoupendelea ni wa Thurgood Marshall, kwa sababu anatuhusu. Kabla hajawa jaji, wakili huyu aliyeshinda kesi ya mwaka 1954 iliyovunja ubaguzi katika shule za Marekani alialikwa na Tom Mboya kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mwaka 1960, akawaandalia rasimu ya sheria ya haki ambayo ilijali hata mali ya walowezi waliokuwa wakiogopa uhuru unaokuja. Rais Lyndon Johnson alimteua katika Mahakama ya Juu mwaka 1967, Mmarekani wa kwanza mweusi kuketi pale. Kuanzia 1977 hadi 1981 rais alikuwa Jimmy Carter, wa chama cha Democratic, na Marshall alikuwa na umri wa kustaafu kwa starehe. Hakuondoka. Akavumilia miaka minane ya Ronald Reagan akitumaini kuwashinda Warepublican kwa subira. Juni 27, 1991, akiwa amekaribia miaka 83, macho na moyo vikimsumbua, alitangaza kwamba anastaafu; alieleza kwamba amezeeka na mwili unaachana vipande.

Rais wa wakati huo alikuwa George Bush mkubwa. Akamteua Clarence Thomas, mwenye miaka 43, mtu ambaye karibu kila alichokiamini kuhusu sheria kilikuwa kinyume cha mtangulizi wake, na Seneti ikamwidhinisha Oktoba 15 kwa kura 52 dhidi ya 48. Bill Clinton aliapishwa kuwa rais Januari 20, 1993. Marshall alifariki Januari 24, siku nne baadaye.

Wapo wanaoitazama hesabu hiyo na kusema mzee angevumilia miezi kumi na tisa zaidi. Sikubaliani nao, na hapa ndipo tathmini yangu inapogawanyika na ile ya wanaharakati. Mtu mgonjwa asiyeweza kusoma majalada yake hana haki ya kushika mashauri ya watu wengine ili kukilinda kiti. Mfungwa anayesubiri rufaa yake ya mwisho anastahili jaji anayesikia na kuona. Aliyekosewa hapo ni mwananchi, na kosa lilifanyika mapema zaidi, pale mpango ulipomwacha mtu mwenye miaka sabini apige ramli ya uchaguzi nne zinazofuata.

Anayetaka kuona kuvumilia kunavyoonekana kwa karibu amwangalie William O. Douglas. Alipata kiharusi Desemba 31, 1974. Alirudi mahakamani kwa kiti cha magurudumu, akiwa katika maumivu makali, na wenzake wakakubaliana kimyakimya kwamba shauri lolote ambalo kura yake ingeamua matokeo liahirishwe. Yaani jaji wa Mahakama ya Juu alikuwa akilipwa mshahara huku kura yake imewekwa kando na wenziwe, bila sheria yoyote kuwaruhusu. Sababu mojawapo ya ukaidi wake haikuwa siri: rais alikuwa Gerald Ford, ambaye mwaka 1970, akiwa mbunge, ndiye aliyeongoza jitihada za kumwondoa Douglas huyo huyo madarakani. Mwishowe, Novemba 1975, aliondoka akiwa ametumikia zaidi ya miaka 36, na Ford akamteua John Paul Stevens. Kejeli ni kwamba Stevens, mteule wa Mrepublican, alikuja kuwa nguzo ya upande wa kiliberali na akastaafu mwaka 2010, akiwa na miaka 90, chini ya Barack Obama. Douglas alijitesa karibu mwaka mzima kumzuia mtu asiyemfahamu.

Kupanga mapema nako hakuna dhamana. Juni 1968 Jaji Mkuu Earl Warren alimwambia Rais Johnson kwamba anataka kustaafu, kwa kuwa alimwona Richard Nixon, hasimu wake wa siku nyingi katika siasa za California, akiikaribia Ikulu. Johnson alikubali kwa sharti kwamba Warren angeondoka mrithi akishapatikana, akampendekeza Abe Fortas, rafiki yake aliyekuwa tayari jaji. Maseneta waliona mchezo. Uteuzi ulikwama kwenye mjadala usiokoma, Oktoba ukaondolewa, Novemba Nixon akashinda, na Juni 1969 Warren akampisha Warren Burger, chaguo la Nixon. Alichokikimbia ndicho kilichompata, na juu yake akawa ameonekana mbele ya nchi nzima kuwa Jaji Mkuu anayecheza karata za chama.

Ruth Bader Ginsburg ameandikiwa mengi mno, kwa hiyo nitapita haraka. Alizaliwa 1933, alipona saratani ya utumbo mwaka 1999 na ya kongosho mwaka 2009, na Julai 2013 Obama alimwalika chakula cha mchana wakati Wademokrati wakiwa bado na Seneti. Alibaki. Seneti ilipotea katika uchaguzi wa Novemba 2014, urais ukapotea 2016, naye akafariki Septemba 18, 2020. Amy Coney Barrett, mteule wa Donald Trump, aliidhinishwa kukalia kiti chake Oktoba 26, siku nane kabla ya uchaguzi, na Juni 2022 alikuwa mmoja wa waliofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yaliyoumia hayakuwa yake. Hata hivyo wanaomlaani husahau kwamba mwaka 2013 alikuwa akifanya kazi yake vizuri kabisa. Walichomtaka ni kwamba jaji hodari aache kazi kwa sababu ya hesabu za viti vya useneta, na wangemshangilia kwa hilo.

Wenzake wawili waliofuata ushauri huo walifanikiwa. Anthony Kennedy alitangaza kuondoka 2018 akiwa na miaka 81, na Donald Trump akampa kiti Brett Kavanaugh, aliyewahi kuwa karani wa sheria wa Kennedy mwenyewe. Stephen Breyer alitoa mhadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard Aprili 2021 kuonya kwamba mahakama itapoteza imani ya watu ikitazamwa kama tawi la siasa; mwezi huohuo gari lenye bango la kumtaka astaafu likawa linazunguka mitaa ya Washington. Januari 2022, Seneti ikiwa sare ya 50 kwa 50 na kura ya kuvunja sare ikiwa mkononi mwa Makamu wa Rais Kamala Harris, alitangaza kuondoka, na Ketanji Brown Jackson akapita kwa kura 53 dhidi ya 47. Simwiti mnafiki. Alisema kweli juu ya mahakama, kisha akafanya hesabu ambayo mpango unamlazimisha kila mwenye kiti kuifanya.

Neno kulazimisha nimelitumia kwa makusudi. Hoja inayotolewa mara nyingi kwa upande wa usafi ni kwamba jaji mwema afumbe macho asitazame kalenda ya siasa, aondoke siku anapochoka. Inapendeza kusikia. Lakini jaji mwenye miaka 80 anajua nani ni rais, kama kila muuza magazeti anavyojua, na akibaki amechagua vilevile kama akiondoka. Souter, aliyeteuliwa na Bush mkubwa, alirudi kwao New Hampshire mwaka 2009 akiwa na miaka 69 tu na kumwachia Obama nafasi ya kwanza ya uteuzi. Alikuwa hapendi maisha ya Washington, na hilo linajulikana, lakini hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hakusubiri miaka minane ya Bush mdogo ipite kwanza. Mpango umetengenezwa kwa namna ambayo hata asiye na nia ya kisiasa hawezi kuonyesha kwamba hana.

Kwa hiyo, kwa jaji aliyemo ndani ya mpango huu, kipimo changu ni kimoja: aondoke angali ana uwezo wote, kabla wenzake hawajalazimika kumnong'onea. Jaji Pauline Newman wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, aliyezaliwa 1927, alisimamishwa na wenzake kusikiliza mashauri Septemba 2023 kwa sababu ya mabishano juu ya hali yake ya akili na uchunguzi ambao alikataa kushirikiana nao, na aibu ya shauri hilo imewapata wote. Akishatimiza sharti hilo la uwezo, kama kati ya tarehe mbili anaipenda moja kwa sababu ya rais aliyeko, sitamhukumu. Ninachokihukumu ni barua yenye masharti. Jaji James Wynn wa mahakama ya rufaa ya kanda ya nne, anayetoka North Carolina, alitangaza Januari 2024 kwamba ataachia kiti mrithi wake akiidhinishwa; Trump aliposhinda uchaguzi na mteule wa Joe Biden akakwama Seneti, Wynn aliifuta barua yake Desemba. Wengine katika mahakama za chini walifanya vivyo hivyo. Inatetewa kwamba sharti la aina hiyo huzuia benchi kubaki na pengo, na O'Connor mwaka 2005 aliliweka kwa nia njema, akiwa anataka kumuuguza mumewe. Lakini kiti kinachotolewa kwa mkono mmoja na kushikwa kwa mwingine mpaka apatikane anayependeza kimegeuzwa mali ya mtu. Anayestaafu ataje tarehe, na tarehe ikifika aende.

Washindani wa huduma hii ni wengi, na karibu wote ni bora. Katika majimbo yote 50 ya Marekani yenyewe, ni Rhode Island pekee ambako jaji wa mahakama ya juu kabisa hana kikomo cha umri wala cha muda. Uingereza imeweka miaka 75 tangu 2022. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani inampa jaji miaka 12 isiyorudiwa, na mlango hufungwa akifika 68. Kote huko kikomo kinajulikana kabla mtu hajaapishwa, na hakuna gari linalozungushwa mitaani na bango.

Mshindani anayestahili kutazamwa kwa makini ni Kenya. Katiba ya 2010 inamtaka jaji astaafu akifika miaka 70, lakini inamruhusu kuondoka kwa hiari wakati wowote baada ya 65, na Jaji Mkuu hatakiwi kuzidisha miaka kumi katika wadhifa huo. Mlango wa 70 ulijaribiwa mapema: Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walidai kwamba, kwa kuwa waliteuliwa chini ya katiba ya zamani, wao wana haki ya kukaa mpaka 74. Walishindwa katika Mahakama ya Rufaa, na Juni 14, 2016 njia yao ikafungwa katika Mahakama ya Juu yenyewe. Shauri lilikuwa gumu kulitazama, kwa maana wenzao ndio waliokuwa wakiulizwa, lakini liliisha kwa maandishi na hadharani, tofauti na kura ya Douglas iliyoahirishwa chumbani.

Siku mbili baada ya uamuzi huo Jaji Mkuu Willy Mutunga alistaafu, akitimiza miaka 69. Alibakiwa na mwaka mmoja mzima. Alieleza kwamba anataka mrithi wake apatikane na kujipanga kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2017. Huku ni kupanga siku ya kustaafu kwa sababu ya siasa, hakuna jina jingine, na ndio mfano bora ninaoufahamu wa jambo hilo kufanywa vyema. Hesabu yake inakubalika: usaili wa kumpata mrithi ulichukua tangu katikati ya mwaka mpaka David Maraga alipoapishwa Oktoba 2016. Kama Mutunga angengoja Juni 2017, shughuli hiyo hiyo ingevuka uchaguzi, na Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu kuamua shauri la urais. Septemba 1, 2017, mahakama iliyoongozwa na Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Hukumu hiyo ingeandikwaje chini ya kiongozi wa muda hatuwezi kujua, ila kila upande ungekuwa na la kusema juu ya uhalali wa aliyeketi katikati.

Tofauti kati ya Mutunga na Warren haimo katika moyo wa mmoja kuwa safi zaidi. Kenya, jina la Jaji Mkuu hutoka kwa Tume ya Huduma za Mahakama baada ya usaili wa wazi, kisha Bunge la Taifa huidhinisha na rais huteua. Anayechagua siku hamchagui kwa hiyo mteuzi wa kisiasa moja kwa moja. Marais hujaribu hata hivyo kuuingiza mkono, kama ilivyoonekana Uhuru Kenyatta alipowateua majaji 34 kati ya 40 waliopendekezwa na kuwaacha sita nje mpaka alipoondoka yeye, lakini angalau ilionekana na kila mtu akaiita kwa jina lake.

Mpango wa Tanzania una nia njema na ufa mmoja. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60 na wa Mahakama ya Rufani akiwa na 65, jambo ambalo lingemaliza mjadala huu wote, isipokuwa Katiba inampa Rais uwezo wa kumwongezea jaji muda. Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma alifikisha 65 Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akamwongezea, na akabaki mpaka Juni 2025 alipompisha George Masaju. Sina neno juu ya utendaji wa Profesa Juma. Neno langu ni kwa kifungu: kile ambacho Marekani inamwachia jaji, sisi tumemwachia mkuu wa nchi, na jaji anayesubiri kuongezewa muda na Serikali ambayo mashauri yake yako mezani kwake yuko pabaya zaidi kuliko Ginsburg. Uganda walipojaribu kumrudisha Jaji Mkuu Benjamin Odoki baada ya kufikisha 70 mwaka 2013, Mahakama ya Katiba iliwaambia mwaka uliofuata kwamba haiwezekani. Ningependa ufa wetu uzibwe kwa maneno mafupi kama hayo.

Kwa Marekani, marekebisho ninayoyaona yanafaa ni yale ya muda wa miaka 18 usiorudiwa, ambayo Biden aliyaunga mkono Julai 2024. Kwa viti tisa, kiti kimoja hufunguka kila baada ya miaka miwili, kila rais hupata viwili katika muhula, na umri wa jaji hukoma kuwa habari ya magazeti. Kifo bado kitavuruga ratiba, kama cha Antonin Scalia Februari 2016, ambapo Seneti ilikataa hata kumsikiliza mteule wa Obama mpaka uchaguzi upite. Dawa yake ni anayejaza pengo amalizie tu muda uliobaki. Ugumu ni kwamba wengi wanaona jambo hili linahitaji kurekebisha Katiba, na kila chama huipenda marekebisho kikiwa na majaji wachache. Mpaka hapo, Thomas aliyezaliwa 1948 na Samuel Alito aliyezaliwa 1950 wataulizwa na Warepublican lile lile ambalo Breyer aliulizwa na Wademokrati.

Kenya inao mtihani wake karibu. Jaji Mkuu Martha Koome, aliyezaliwa Juni 1960 na kushika wadhifa Mei 2021, amekwisha kuingia katika miaka mitano ya hiari. Umri utamtoa Juni 2030, na katikati yake uko uchaguzi wa Agosti 2027. Katiba haimtaki atoe notisi yoyote ndefu akitaka kuondoka mapema. Sheria ya kawaida ingeweza kudai kwamba Jaji Mkuu anayestaafu kwa hiari atangaze tarehe isiyobadilika angalau miezi kumi na miwili kabla, na kwamba tarehe hiyo isiangukie ndani ya mwaka wa uchaguzi. Kifungu hicho kingechukua mistari mitatu, na wakati wa kukiandika ni sasa, kabla hakijawa na jina la mtu.